Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: dawa zetu za miti zipimwe hapa hapa Muheza

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Baada ya salamu na heshima. Mimi ni muuza dawa. Nina duka la dawa muhimu hapa Muheza mjini, na kilichonifanya nishike kalamu ni gari la matangazo.

Linakuja siku za soko. Kipaza sauti juu, madumu na chupa nyuma, na sauti iliyorekodiwa inayotaja maradhi bila kupumua: UTI sugu, taifodi, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, ganzi, kupooza, kifafa, kusahau. Yote hayo chupa moja, kijiko asubuhi kijiko jioni, ukichukua mbili unapunguziwa bei. Nimeishika hiyo chupa mkononi. Ilikuwa ya maji ya kunywa, lebo ya zamani imebanduliwa nusu. Hakuna jina la mti, hakuna tarehe, hakuna namba ya usajili. Ukiitikisa, chini kuna mashapo ya rangi ya ugoro.

Aliyeniletea ni mama mmoja ambaye mtoto wake yuko kwenye vidonge vya kifafa. Muuzaji kamwambia asichanganye; aache kwanza vya hospitali ili damu isafike. "Dokta, niache?" (Hapa kwetu ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta, hata ukikataa.) Nilimwambia asiruke hata dozi moja, maana vidonge vya kifafa vikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu na linaweza kugoma kukoma. Alinisikiliza, akaweka chupa kwenye mkoba, akaenda zake.

Sasa usidhani, Mheshimiwa, nakuomba ukawafukuze waganga. Barua za namna hiyo zimeshaandikwa nyingi na wenzangu wa koti jeupe, nami naziona ni barua za watu wasiozijua rafu zao wenyewe. Dawa nyingi ninazouza zilianzia kwenye jani, gome, au ukungu. Penisilini Fleming aliikuta kwenye ukungu mwaka 1928. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoishinda TB, ilitoka mwaka 1943 kwa bakteria wa kwenye udongo. Na kwinini Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliichuja kutoka kwenye gome la mti mwaka 1820.

Kwinini ni habari yetu kabisa. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kwinini kwenye milima yetu ya Usambara. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja na manowari za Waingereza zikafunga bahari, askari wao walitibiwa malaria kwa magome ya Usambara. Waliotoka walitoka, na utafiti wa malaria ukabaki. Leo kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kina makao yake hapa Muheza, watu wanapita mbele ya geti lake kila siku wakienda sokoni.

Na kuna jambo moja ambalo nashangaa halisemwi hata kwenye hotuba za mkoa. Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Nusu walipewa kwinini, nusu artesunate. Waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa kila 100. Waliopewa artesunate, 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto wenye malaria kali wapewe artesunate. Tunazungumzia pia malaria ile inayopanda kichwani, mtoto anakakamaa na kupoteza fahamu, ambayo bibi zetu waliiita degedege na kuihesabu kuwa ya mashetani. Dawa zote mbili asili yake ni mmea. Watoto wa Muheza walisaidia kuijulisha dunia ipi bora. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kupima dawa ya mti ni kazi ya Ulaya.

Hiyo artesunate nayo ina kisa ambacho ningependa kila mganga wa mkoa huu akisikie. Mmea wake, Artemisia annua, Wachina waliutumia kwa homa tangu zamani sana. Mwanasayansi Tu Youyou alipopewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria, alipekua maandiko ya kale. Majaribio ya mwanzo yalitoa majibu yasiyoeleweka: leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Kisha akarudia maelezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeandika kwamba mmea uloweke kwenye maji, ukamue, unywe juisi yake. Hakutaja kuchemsha. Tu akawaza kwamba moto ndio unaoua dawa, akatumia etha inayochemka kwenye joto dogo, na mwaka 1971 mchujo wake ukafuta vimelea vyote kwenye panya na nyani wa maabara. Alipata Nobeli mwaka 2015. Mganga anayesema "huu usichemshe, huu loweka usiku kucha" huenda ana sababu ya kweli mkononi, ila hakuna aliyeiandika, na siku akifa inakwenda naye.

Haraka yangu inatoka hapa kaunta. Kijana wa bodaboda anakuja: "Nipe rangi mbili za mia tano." Anataka kapsuli za antibaiotiki. Hana cheti, hajapimwa, anakohoa tu. Nikimnyima anavuka barabara. Ndivyo bakteria wanavyofundishwa kuzizoea antibaiotiki, na hesabu ya dunia ya mwaka 2019 ilionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu huo. Malaria nayo haijatulia: kule Kagera wameshaonekana vimelea wenye mabadiliko yanayowafanya wachelewe kufa kwa artemisinini, dawa ile ya mmea wa Tu Youyou, ambayo ndiyo mhimili wa dawa ya mseto. Klorokwini tuliiona ikishindwa mbele ya macho yetu. Dawa mpya zitatoka wapi? Sehemu kubwa ya zile tulizonazo zilitoka kwa viumbe, na misitu ya Amani ina mimea isiyoota mahali pengine popote duniani.

Upande wa ubongo ni mgumu zaidi. Ubongo umezungukwa na kizuizi, mishipa yake ya damu imebana kiasi kwamba kemikali nyingi haziingii. Ndiyo maana kitu kinaweza kung'ara kwenye chupa ya maabara na kisimsaidie mgonjwa hata kidogo. Manjano tunayotia kwenye pilau ya njano ni mfano: kiambata chake kiliwafurahisha watafiti wengi, lakini tumboni hakifyonzwi vizuri, na walipowapa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, hawakuona nafuu. Lakini vipo vilivyofaulu. Galantamini, inayotumika kupunguza makali ya Alzheimer, ilipatikana kwenye maua ya baridi ya Ulaya Mashariki. Rivastigmini, ya ugonjwa huo huo, iliigwa kutoka kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, yale waliyokuwa wakinyweshwa washukiwa wa uchawi kuona nani atakufa.

Na upo upupu. Naam, upupu huu huu. Kila aliyesoma shule ya msingi mkoani Tanga anajua maganda yake yenye manyoya ya hudhurungi, na anamjua aliyeyapaka kwenye kiti cha mwalimu. Mbegu zake ndani zina levodopa, ambayo Wahindi waliitambua kwenye upupu tangu mwaka 1937, na hadi leo levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Kwenye ubongo wa mgonjwa huyo zimekufa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Dopamini yenyewe ukimpa haivuki kile kizuizi. Levodopa inavuka, ikishafika ndani inageuka dopamini. Mwaka 2017 yalichapishwa majibu ya jaribio la wagonjwa 18 huko Bolivia, watu wasiomudu vidonge, na unga wa mbegu za upupu ulifanya kazi kwa saa kadhaa kama vidonge vya kiwandani. Nilifurahi nilipoisoma. Kisha likaja jaribio la wiki 16, na nusu ya wagonjwa waliacha kabla ya mwisho, wengine kwa tumbo na kichefuchefu, wengine kwa sababu hali yao ya kutembea ilizidi kuwa mbaya. Ndivyo kupima kulivyo, Mheshimiwa. Jibu linakuja na mkia.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwakuta wagonjwa wa kutetemeka ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Sina sababu ya kuamini Handeni au Pangani kuna tofauti. Wazee wetu wanatetemeka barazani, tunasema ni uzee, au karogwa.

Lakini sikiliza na hili, maana ndilo linaloninyima usingizi kuliko gari la matangazo. Mstafeli. Muheza ni nchi ya matunda, na siku hizi majani ya mstafeli yanauzwa yamekaushwa, yamefungwa vizuri, kwa saratani, kwa sukari, kwa kupata usingizi. Kisiwani Guadeloupe mwaka 1999 madaktari waliripoti wagonjwa wengi kupita kawaida wenye dalili kama za Parkinson, na levodopa haikuwasaidia inavyotarajiwa. Wengi walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani yake. Ndani ya mti huo mna kemikali iitwayo anonasini, na kwenye maabara inaua seli za ubongo, kwa panya vilevile. Watafiti hawajafunga mjadala, nami sisemi mtu asinywe glasi ya juisi ya stafeli wakati wa kufuturu. Ila bibi anayekunywa kikombe asubuhi na jioni mwaka mzima kwa sababu "ni asili, haina madhara" anastahili kuambiwa.

Waganga hawasemi siri zao, na siwalaumu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Usambara, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mbegu za kiua kidogo cha zambarau. Mwaka uliofuata kikapewa jina lake, Saintpaulia, na leo kinauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Tanga ilipata nini? Mganga wa Lushoto anakijua kisa hicho, au kingine kinachofanana nacho, na anapomwona mtu wa chuo na daftari anafunga mdomo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilitungwa ili wenye mmea na wenye maarifa wapate fungu lao. Mganga wa kijijini hana habari nayo, wala mtendaji wa kijiji chake.

Ninachokuomba si fedha nyingi. Ita kikao. Waite wa NIMR hapa Muheza, wahifadhi wa msitu wa Amani, madaktari wa hospitali ya mkoa ya Bombo, mratibu wa tiba asili wa mkoa na wa kila halmashauri, na waganga wenyewe, wanaume kwa wanawake, waliosajiliwa na wasiosajiliwa. Hii haitakuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1990 Tanga hii hii madaktari na waganga walikaa pamoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kupitia kikundi cha TAWG, wakati hospitali hazikuwa na cha kuwapa. Kutoka kwenye kikao hicho lianzishwe daftari la mkoa lenye sampuli ya mmea iliyokaushwa, sehemu iliyotumika, msimu wa kuchuma, na namna ya kutengeneza, moto au baridi. Jina la mganga liandikwe, na makubaliano ya fungu lake yasainiwe kabla hajafungua mdomo. Kisha ichaguliwe mimea miwili tu ya kuanzia. Mimi ningesema mjafari kwa homa na upupu kwa kutetemeka, lakini wenye maabara wanajua zaidi.

Lile gari halihitaji kusubiri kikao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ipo, na baraza la kusajili waganga na dawa zao lipo. Asiyesajiliwa asitangaze kwa kipaza sauti sokoni, na anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya kifafa, vya TB, vya presha au ARV achukuliwe hatua siku hiyo hiyo. Sambamba na hilo, elekeza zahanati na vituo vya afya wawaulize wagonjwa wanatumia miti gani, bila kuwakaripia. Pilipili manga peke yake ina kiambata kinachofanya baadhi ya dawa zikae mwilini kwa wingi kuliko ilivyokusudiwa. Daktari asiyeuliza hatajua kwa nini mgonjwa wake amelewa dawa. Wagonjwa hawasemi kwa sababu tukiwa nao tunawafokea.

Kikao kikifanyika Jumanne au Jumatano itakuwa vyema, si siku ya soko. Nikialikwa nitafunga duka nije, na ile chupa ninayo. Yule mama aliirudisha, nikampa risiti.

Wako mtiifu,
Muuza dawa, Muheza

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa, Mratibu wa Tiba Asili wa Mkoa