Ncha za rasta: kiberiti wekeni mbali

Shoga yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo Mbeya. Umeuliza kwa nini rasta anazokusuka mdogo wako zinafumuka ncha kabla hata wiki haijaisha, na kama mzichome kwa kiberiti. Hapana. Moto unayeyusha nyuzi zinakuwa kijipira kigumu kinachokwaruza shingo na kunasa kwenye sweta. Kikivutwa kinameguka, na ncha inafumuka vilevile. Na kichwa kimepakwa mafuta, mtu anakisogezea moto wa nini?

Tumieni maji ya moto, lakini mjue kwamba maji hayafungi msuko uliolegea. Yanagandisha tu kile ambacho vidole vimeshatengeneza. Kwa hiyo tuanzie kwenye vidole.

Rasta nyingi zinatoka kwenye pakiti zikiwa zimekatwa sawasawa mwishoni. Ukizisuka hivyo, ncha inabaki nene kama brashi na haishikiki. Kabla ya kusuka, shikeni fungu na kuvuta nyuzi chache chache, nyingine juu nyingine chini, mpaka ncha zipishane kama sentimita 10. Zipo pakiti zinazouzwa zikiwa zimeshachambuliwa. Hizo hazihitaji kazi hii. Halafu mwambie mdogo wako asilegeze mkono anapokaribia mwisho, maana wasusi wengi huchokea hapo hapo. Asuke mpaka zibaki sentimita 2 au 3. Mguu mmoja kati ya mitatu ya msuko ukiwa mwembamba mapema, aazime nyuzi kutoka ule mnene badala ya kulazimisha.

Kwa twist, yaani msuko wa miguu miwili inayozungushwa pamoja, kuna kosa lake. Kila mguu usokotwe peke yake kwanza, tuseme kulia, ndipo miwili izungushwe pamoja kwenda kushoto. Vyote vikienda upande mmoja vinafunguka vyenyewe, hata uvichovye mara kumi.

Vinyuzi vilivyochomoza vikateni kwa mkasi kabla ya maji, mkasi ukiwa umelala kufuata msuko. Kisha kusanyeni misuko mitano au sita kwa raba bendi isiyobana, ili isiache alama.

Sasa maji. Yawe yametoka kuchemka wakati huo huo. Ya chupa ya chai iliyokaa tangu asubuhi hayafai. Yamimineni kwenye jagi zito au sufuria ndogo iliyotulia mezani. Wewe ukae umeipa meza mgongo, taulo nene mabegani, na mdogo wako ndiye achovye. Birika lisipitishwe juu ya kichwa hata mara moja. Achovye sentimita 5 hadi 8 za mwisho, sekunde 10 hadi 15, na asifike zilipo nywele zako mwenyewe ndani ya msuko. Akitoa, abane kwa taulo kavu bila kuvuta, kwa sababu nyuzi zikiwa za moto zimelainika na zinarefuka ovyo. Zinashika umbo zinapopoa, kwa hiyo msizichezee mpaka zipoe kabisa.

Kwenu huko Mbeya juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 95, na baridi inayapoza upesi. Badilisheni maji mara kwa mara. Mafungu ya mwisho yakifumuka na ya kwanza yameshika, tatizo ni maji yaliyopoa.

Yasiposhika yote, tazameni rasta yenyewe. Kanekalon, aina ya nyuzi bandia za kusukia, hukubali maji ya moto vizuri. Aina nyingine za bei ya chini hukaidi. Kabla ya kuanza kichwa kizima, sukeni kipande cha pakiti, kichovyeni, kipoe, mkiachie. Kikifunguka, malizieni kwa kifundo kidogo kwa kila msuko. Mimi vifundo sivipendi, vinanasana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini kwa rasta kaidi ndiyo njia. Hata ukisukia uzi wa sufu, hauhitaji maji, unafungwa kifundo tu.

Misuko mifupi inayoishia shingoni msiichovye ikiwa kichwani, mvuke na matone viko karibu mno na ngozi. Ifungeni kwa uzi mweusi. Na binti yako msimsogeze karibu na maji hayo: mvalisheni shanga, ncha ikunjwe kurudi juu chini ya ushanga wa mwisho, ifungwe kwa raba ndogo. Raba isiguse nywele zake, huzikata.

Siku ya kufumua, ncha zilizochovywa hazifunguki kwa kitana. Zikateni, ila pima kwanza nywele zako zinaishia wapi na mkate vidole vitatu chini ya hapo.

Nisalimie mama, na mwambie mdogo wako anunue pakiti moja ya ziada, maana kuchambua kunapoteza nyuzi.

Wako akupendaye