Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya kuhusu upigaji picha wa ubongo kwa fluoresensi

Mheshimiwa Waziri,

Nimefanya kazi ya uuguzi katika kitengo cha dharura kwa miaka mingi, na wagonjwa wanaoniumiza moyo zaidi ni wale walioumia kichwa, wakapimwa kwa CT (kipimo cha eksirei kinachopiga picha za ndani ya kichwa), wakaambiwa picha ni safi, kisha wakarudi wiki kadhaa baadaye wakilalamika kuumwa kichwa, kusahau na kukosa usingizi. CT ni hodari kuonyesha damu iliyovuja na fuvu lililovunjika, na lazima ibaki kipimo cha kwanza, lakini nyuzi za neva zilizochanika na mishipa midogo iliyopata hitilafu mara nyingi hazionekani humo.

Ninaomba wizara yako ifadhili majaribio ya fluoresensi, yaani kupiga picha kwa kutumia rangi inayong'aa ikimulikwa, kwa wagonjwa wa aina hiyo, na isiruhusu hospitali kununua vifaa vyake kwa ajili ya uchunguzi huu kabla matokeo hayajapatikana.

Mgonjwa huchomwa sindano ya rangi kama indosianini ya kijani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959 na ambayo madaktari wa macho na wapasuaji wa ubongo wameizoea. Rangi hiyo hujishikiza kwenye protini za damu, na ikimulikwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 800, hung'aa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi mkubwa kidogo, ambao kamera huunasa. Ubongo ukiwa mzima, kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo huibakiza ndani ya mishipa. Kizuizi kikipasuka kwa sababu ya kishindo, rangi huvuja na kubaki mahali palipoumia, huku iliyosalia kwenye damu ikiondolewa na ini katika muda wa dakika chache.

Katika panya jambo hili limeonekana waziwazi. Hata hivyo, fuvu la panya halifiki milimita moja, ilhali la mtu mzima lina unene wa milimita kadhaa, na chini yake kuna maji ya ubongo. Mwanga hutawanyika, himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, huumeza, na kinachofika kwenye kamera ni kivuli hafifu cha tabaka la juu tu. Jeraha la ndani kabisa linaweza kupita bila kuonekana, na picha safi isiyo ya kweli ni hatari kuliko kukosa picha. Ndiyo maana nasisitiza majaribio kabla ya manunuzi.

Kuna jambo moja ambalo nisingependa lisahauliwe. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, na nywele nyeusi humeza mwanga, na tayari tunajua kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni hukosea zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Fedha za wizara zisitolewe kwa jaribio lolote ambalo halijawajumuisha watu wa rangi zote za ngozi tangu mgonjwa wa kwanza, na ambalo halitalinganisha kila picha na MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya mgonjwa huyohuyo.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa kitengo cha dharura