Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mfuko wa Malaria, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Ahsanteni kwa kufika, hasa mliotoka mbali. Habari za ada, rambirambi na mikopo zimo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, sitazirudia. Nitazungumzia mfuko wetu wa malaria, kwa sababu ndio uliobishaniwa zaidi mwaka huu, na kwa sababu kwangu mimi hakuna jambo tunalolifanya kwa pamoja lenye uzito kama hilo.

Swali lililokuja tena na tena kwenye vikao vya matawi ni hili: umoja wetu wa watu wa wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza, unachanga fedha za malaria, mbona haununui vyandarua?

Wengi mnakumbuka vyandarua vilivyogawiwa kwetu mwanzoni mwa 2019. Ule ulikuwa utafiti. Wataalamu wa NIMR Mwanza, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na wenzao wa hospitali ya KCMC Moshi na wa London, walilinganisha aina nne za vyandarua katika vijiji 72 vya wilaya yetu. Aina ya kwanza ilikuwa na dawa ya jamii ya pareto peke yake, ile ambayo mbu wa ukanda wa ziwa wameshaizoea. Tatu zilizobaki ziliongezewa kitu cha pili. Matokeo yalitoka 2022. Baada ya miaka miwili, kwenye vijiji vilivyopata chandarua cha kawaida, karibu watoto 46 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria. Kwenye vijiji vilivyopata chandarua kilichoongezewa klofenapiri, dawa ya pili ya kuua mbu, walikuwa karibu 26. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chandarua hicho kitumike mahali ambapo mbu wamekuwa sugu kwa dawa ya jamii ya pareto, na ushahidi lililoutegemea ulitoka kwa watoto wa Misungwi na wa Benin. Nataka kila mwanachama alijue hilo na awasimulie wanawe.

Chandarua cha namna hiyo hununuliwa kwa mafungu makubwa na kugawiwa bure. Sisi tulipozunguka madukani hatukukiona. Mfanyabiashara mmoja alitupa bei nzuri sana, lakini lebo ya vyandarua vyake haikutaja dawa yoyote, na mwenyewe alipoulizwa alirudia habari za ukubwa na rangi. Kamati ikakataa, na nasimama na uamuzi huo. Chandarua kisicho na dawa kikitoboka, mbu ameingia. Kuwapelekea ndugu zetu kitu hafifu kuliko wanachopewa bure kliniki si msaada.

Kwa hiyo fedha zenu zimelipia kazi inayofuata baada ya chandarua kufika. Mjamzito hupewa chandarua hudhurio la kwanza kliniki, na mtoto hupewa chake anapochanjwa surua ya kwanza. Kuanzia hapo hakuna anayefuatilia kama kimefungwa. Kwa idhini ya Mganga Mkuu wa Wilaya tuliwawezesha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kupita nyumba kwa nyumba: nauli ya bodaboda, posho, kamba, misumari, sindano na uzi.

Niliongozana nao upande wa Misasi. Kwenye nyumba moja chandarua kilikuwa bado ndani ya mfuko wake, juu ya sanduku. Mama hakuwa mzembe hata kidogo. Watoto wake wanalala sebuleni kwenye mkeka, mchana mkeka unakunjwa na viti vinarudishwa, sasa afunge wapi? Mhudumu alikianika kwanza kivulini mpaka kesho yake, maana kipya huwasha ngozi, kisha akarudi na kupigilia misumari minne juu ukutani, akaacha kamba ndefu ili asubuhi kipandishwe na usiku kishushwe mpaka chini ya mkeka. Yule mama akauliza jambo ambalo tumelisikia kote: mbona mbu wakigusa chandarua hiki hawaanguki papo hapo, si kimeisha dawa? Hapana. Dawa ya zamani, ile ya jamii ya pareto, hupiga mishipa ya fahamu. Klofenapiri huzuia mwili wa mbu kutengeneza nguvu, kwa hiyo anaweza kuondoka akiwa hai na kufa siku ya pili au ya tatu. Wapo waliokuwa wamekwisha kuvitupa kwa sababu hawakuelezwa hivyo. Hilo lilinihuzunisha sana.

Kuna pia suala la kuchakaa. Hata kwenye utafiti ule, kufika mwaka wa tatu vyandarua vingi vilikuwa vimechanika au havitumiki tena. Kina mama waliojitolea kushona matundu wanastahili shukrani zetu zote. Pendekezo la kutoa fulana na kufanya matembezi kamati ililiweka pembeni. Bei ya fulana moja inatosha kamba za nyumba kadhaa.

Tumeyafanya haya katika mwaka mgumu. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, ukiwamo mpango wa malaria ulioanzishwa 2005, ambao Tanzania ilikuwa kati ya nchi tatu za mwanzo kunufaika nao. Novemba, huko Johannesburg, Mfuko wa Dunia, unaofadhili mapambano dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, uliahidiwa dola bilioni 11.34, wakati lengo lilikuwa bilioni 18. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa malaria iliua watu 610,000 mwaka 2024, karibu wote Afrika, na wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Michango yetu haiwezi kuziba pengo hilo. Inaweza kuhakikisha kwamba chandarua kilichokwisha kulipiwa na kufika kijijini kinamfunika mtoto, na kama vipya vitachelewa, vilivyopo vidumu.

Kwa mwaka 2026 kamati inaomba mambo mawili yapitishwe. Kwanza, mchango wa malaria ubaki mfuko wa peke yake, usikopwe kwa shughuli nyingine hata kwa muda. Pili, tuanze na vijiji vya kando ya ziwa na vyenye majaruba ya mpunga, na wahudumu wamalize kupita kabla ya mvua za masika. Wanachama mlio nje ya nchi mmeomba kuchangia kila mwezi kwa simu badala ya mara moja kwa mwaka. Kamati imekubali, na utaratibu utatangazwa na katibu.

Sasa namkaribisha mweka hazina awasomee mapato na matumizi, kisha tupokee maswali.