Barua kwa Mwanaisha, kuhusu wale watu wangu wa Jumapili

Likoni, Mombasa
Novemba

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie huko Eldoret kwenye baridi. Sisi huku hatujambo. Mguu wa nyanya yako umetulia, na paka wako amezaa tena ndani ya sanduku lako la vitabu. Ama baada ya salamu, ujumbe wako wa Jumatano nimeupata na nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka. Wewe uliyekuwa ukigonga ukuta usiku, "Baba, majini yako yapunguze sauti!", leo unaniuliza hao majini, yaani watu ninaocheza nao mchezo wa hadithi kwenye kompyuta kila Jumapili usiku, niliwapata wapi, na wewe utawapataje wako.

Kwenye simu ungenikatiza kila neno, nakujua. Basi naandika.

Unakumbuka 2021, wakati wa kafyu, saa 4 usiku kila mtu awe ndani kwake. Baraza yetu ya bao ilivunjika. Wazee wawili walikuwa wamefariki, waliobaki wakaogopana. Nikawa nakaa sebuleni naangalia ukuta, mama yako akinionea huruma. Kijana mmoja wa ofisini ndiye aliyenionyesha Dungeons & Dragons. Mchezo wenyewe ni mkongwe, ulitolewa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson huko Wisconsin, Marekani, na wakati huo watu waliucheza mezani wakitazamana. Siku hizi meza iko kwenye intaneti.

Mmoja wa wachezaji ni mtambaji wa hadithi, wenyewe humwita DM, yaani Dungeon Master. Dunia yote iko mikononi mwake: misitu, wafalme, wezi, hata mvua. Waliobaki, mara nyingi watatu hadi watano, kila mmoja ana mhusika wake. Ni kama nyanya yako akitamba ngano, paukwa, pakawa, ila sungura akifika kwenye kisima nyanya anakugeukia: sungura ni wewe, unafanyaje? Ukisema naruka, dadu ya pande 20 ndiyo inayosema kama umevuka au umetumbukia.

Hiyo dadu iliniletea kesi. Mjomba wako alinijia na hadithi za Mtume za kukataza dadu, na mama yako akaniuliza waziwazi kama nacheza kamari. Nikawaonyesha: hakuna senti inayowekwa, na kwangu kompyuta ndiyo inayotoa nambari. Mama yako aliridhika. Mjomba hajaridhika mpaka leo, na simlazimishi. Wewe ni mtu mzima sasa, utalipima mwenyewe. Mimi nilijiwekea mipaka yangu: mhusika wangu simfanyi kuhani wa miungu ya mchezo huo, na Ramadhani siingii mpaka baada ya tarawehe. Niliwaambia wenzangu mapema, wakasogeza saa bila maneno.

Sasa swali lako. Roll20, tovuti ya kuchezea michezo hii, wana sehemu ya matangazo ya wanaotafuta wachezaji, na kwenye Discord, programu ya mazungumzo, kuna vyumba vingi vya kazi hiyohiyo. Kuona tangazo si kazi. Kazi ni kujibiwa, maana wachezaji ni wengi, watambaji wachache, na tangazo zuri hujaa maombi siku hiyohiyo. Mimi niliomba mara kumi na moja. Kumi sikujibiwa hata "pole". Unajua nilikuwa nikiandika nini? "Habari, ningependa kucheza." Basi. Mimi karani wa miaka mingi, ninayewarudishia watu fomu kwa sababu hawakujaza uzito wa mzigo.

Ombi la kumi na moja niliandika hivi, nakutafsiria kutoka Kiingereza changu cha bandarini: "Nina miaka 47, nashughulika na makaratasi ya makontena Mombasa. Sijawahi kucheza hata siku moja. Jumapili usiku nina nafasi kila wiki, na nikisema nitakuja huja. Nina maiki. Napenda mazungumzo na ujanja kuliko vita." Nikajibiwa baada ya saa moja. Yule DM aliniambia baadaye kwamba kilichomvuta ni yale maneno "nikisema nitakuja huja". Muulize yeyote aliyecheza miaka mitatu kundi lake la kwanza lilikufaje. Hatakutajia joka. Atakwambia wiki ya kwanza fulani alikuwa na harusi, ya pili mwingine alisahau, ya tatu wakabaki wawili, ya nne kimya. Kwa hiyo usijisikie mnyonge kwa kutojua sheria. Sheria watakufundisha mkiendelea. Mtu wa kuja kila Jumapili ndiye adimu.

Vitabu usinunue bado. Kile cha mchezaji kina zaidi ya kurasa 300 na bei yake ni chakula chako cha wiki kadhaa. Sheria za msingi zipo bure na kwa halali: Januari 2023, baada ya wachezaji kupiga kelele sana juu ya leseni, kampuni inayoutoa mchezo, Wizards of the Coast, iliziweka chini ya leseni huria. Soma namna ya kuunda mhusika tu, mengine yaache.

Saa, mwanangu, saa! Hapa nilipata aibu. Tangazo la kwanza kunikubali lilisema 8 PM GMT. Nikahesabu kama tunavyohesabu sote: nane ya jioni kizungu ni saa 2 usiku kwetu. Hayo ya GMT nikayapita. Nikaoga, nikavaa shati (kwa watu wasioniona!), nikaingia saa 2 kamili. Chumba kitupu. Saa 3, kitupu. Nikadhani nimekataliwa. Walipoingia saa 5 usiku walinikuta hewani, nakoroma kwenye maiki. Kwetu tuko saa tatu mbele ya GMT mwaka mzima, ila wenzetu hugeuza saa zao. Waingereza hugeuza mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, Wamarekani hugeuza Machi mapema zaidi na kurudisha Novemba. Kundi la Wamarekani wanaoanza saa 1 jioni huko New York, kwako itakuwa saa 8 au saa 9 usiku, na kesho una darasa. Hao waache, hata wawe wazuri vipi. Tafuta Ulaya, au Afrika Kusini ambako mnapishana saa moja tu.

Kundi hilo la kwanza halikudumu. Baada ya vikao vitatu DM alitoweka, hata salamu. Nilikaa wiki mbili nikijiuliza nimemkosea nini. Sikumkosea kitu, ndivyo yalivyo makundi mengi. Ndiyo maana nakushauri uanze na mchezo wa siku moja, wa saa tatu au nne, mnamaliza mnaagana. Kampeni (si hizi za wanasiasa wetu), yaani hadithi moja ndefu ya vikao vingi, huenda miezi, na kumhama mtu katikati ni tabu. Kwenye ule wa siku moja unawasikia. DM anamkatiza nani? Yule mkimya anaulizwa, au anasahauliwa? Hata barazani hukupewa bao siku ya kwanza. Ulikaa pembeni ukatazama, ukajua nani mwizi wa kete.

La kundi la pili nalisema kwa uzito, na mama yako pia sijawahi kumwambia. Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa binti, kwa sauti labda umri wako wa sasa. Kulikuwa na kijana ambaye kila kikao mhusika wake alimfuata mhusika wa huyo binti: kwenye nyumba ya wageni, mtoni, kila mahali, na mizaha yake. Binti akasema, "Tuendelee na safari." DM akacheka. Wiki iliyofuata vilevile. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote pale. Nikazima maiki nikanywa chai yangu. Wiki ya tatu kiti cha binti kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwemo. Nilitoka kundi lile siku chache baadaye, lakini nilitoka nimechelewa. Ulikuwa umelala chumba cha pili.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kundi lolote, uliza kama wana kikao sifuri. Ni kikao kisicho na mchezo: mnakubaliana mambo gani hayataingia kabisa kwenye hadithi, na yapi yatapitwa bila kuelezwa. Wengine wana kadi ya X. Jambo likikukera unaandika X, kisa kinageuzwa hapohapo, na huulizwi sababu. DM akikuambia "sisi ni watu wazima, hatuhitaji hayo", mshukuru na uende zako. Jina lako kamili usitoe, picha usitume, mazungumzo ya pembeni na mtu mmoja usiyafungue mpaka uwajue, na pesa usimtumie mtu. Wapo watambaji wanaotoza kwa kikao, ni biashara yao na wanaitangaza wazi, siwalaumu. Lakini mwanafunzi anayejifunza hana haja ya kulipa. Na ukitaka kutoka, toka. Huna deni la maelezo kwa mtu yeyote.

Lafudhi yako isikuzuie. Mimi nilikuwa napanga sentensi kichwani mpaka zamu yangu inapita. Kisha nikagundua dereva wa lori wa Poland aliye kwenye kundi langu la sasa anaongea Kiingereza kibovu kuliko changu, na ndiye anayetuchekesha kuliko wote. Mtandao wa hosteli ukisumbua, zima kamera, hiyo ndiyo inayokula bando, sauti tupu haina njaa. Na wakati wa mitihani yapo makundi ya kuandika tu: kila mtu anaweka aya yake moja kwa siku, anaondoka. Ni ya polepole, lakini hayakukoseshi usingizi.

Sasa nikusimulie kimoja, maana ukuta ulikunyima utamu. Mhusika wangu anaitwa Kombo, nahodha mstaafu. Tulifika kwenye daraja, askari wanne wanataka ushuru wa dhahabu ambayo hatukuwa nayo. Dereva wa lori keshachomoa shoka. Mwalimu wa hesabu wa Leeds anahesabu kama tutapona. Nikasema, ngojeni. Kombo akamwendea mkubwa wao, akamuuliza: "Ushuru sawa. Risiti iko wapi?" DM, mama mmoja wa Johannesburg, akanyamaza. Nikaendelea: mhuri wa nani? Nambari ya kitabu? Bei imetangazwa ubao gani? Mambo ninayoyasikia kila siku ya Mungu. Akaniambia nirushe dadu, alitaka 15 au zaidi. Ikaja 12, na Kombo huongezewa 4 kwa ustadi wake wa kushawishi, ikawa 16. Yule mama akashindwa kuongea kwa kicheko, kisha kwa sauti ya askari akasema, "Piteni, lakini msimwambie mtu." Tangu siku hiyo kila tukifika kwenye lango wananisukuma mbele.

Miaka ishirini na zaidi makaratasi yale yamenipa pesa ya karo yako. Usiku ule tu ndipo nilipopigiwa makofi kwa ajili yake.

Nimeongea na huyo DM juu yako. Wiki hii mwalimu wa Leeds amesafiri, na mgeni anaruhusiwa kukaa kusikiliza, maiki ikiwa imezimwa. Nimemwambia ni binti yangu, akasema basi Kombo atakuwa na adabu siku hiyo. Kukaa kwetu daima si lazima. Utapata wa rika lako, na sidhani unataka kupigana na majoka huku baba yako anasikiliza. Njoo usikie tu linavyokwenda. Wanaanza 6 PM ya London, kwa hiyo saa 3 usiku kwako. Usiku, Mwanaisha, na usihesabu kama mimi. Nitakutumia kiungo Jumapili mchana.

Mama yako anauliza kama lile blanketi limefika, maana dereva wa basi anasema alilikabidhi tangu Alhamisi.

Wako,
Baba