Swali la wodini ni lenu: barua kwa wauguzi wa watoto Nyanda za Juu Kusini

Wanangu wauguzi mnaouguza watoto Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa,

Marahaba. Binti wa jirani yangu aliajiriwa wodi ya watoto mwaka jana. Juzi alikuja kunijulia hali, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mimi naomba kuhama. Huku kwa watoto hakuna mbele." Maneno hayo yamenikaa kooni. Nimevaa sare ya uuguzi miaka thelathini na minne, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa kwa watoto. Nimeona nimjibu yeye na nyinyi nyote kwa mara moja.

Mbele ipo. Inaanzia kwenye yale maswali mnayojiuliza mkiwa mmeinama juu ya kitanda cha mtoto, halafu mnayaacha hapo hapo mnapokabidhi zamu.

Niwape la kwangu. Ilikuwa mwezi wa saba, zamu ya usiku, na baridi ya huku mnaijua. Watoto njiti walikuwa wakiletwa kutoka vijijini wamefungwa khanga mbili na blanketi juu, na bado ukigusa nyayo zao unashika kitu kama jiwe la mtoni. Kipimajoto kinasoma 34. Nikanunua kaunta buku, nikachora mistari kwa rula: ametoka kituo gani, amefika saa ngapi, joto lake mlangoni, amebebwaje njiani. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuona kitu. Waliobebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, walikuwa wakifika na joto lao. Waliofungwa vizuri sana na kupakatwa na shangazi ndio waliokuwa wakifika wamepoa.

Sikujua kwamba huo ni utafiti. Mtaalamu mmoja aliyepita wodini akaliomba lile daftari akalipitie, nikampa kwa furaha. Halikurudi, wala sikusikia neno tena. Nilinyamaza kwa kuwa niliamini kuandika ni kazi ya madaktari. Kule kunyamaza ndiko ninakokujutia mpaka leo, kuliko daftari lenyewe.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu. Walikuwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi karibu kilo 1.8. Zamani tulifundishwa tusubiri mtoto atulie kwanza ndipo awekwe kangaruu, yaani abebwe ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama. Katika utafiti ule, kundi moja liliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akalazwa humo humo wanamohudumiwa watoto mahututi. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, na katika kundi lililosubiri walikuwa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana, na mwaka 2022 mapendekezo ya dunia yakabadilishwa.

Nani anamfundisha mama kumfunga mtoto wa kilo moja na robo shingo isipinde? Nani anamsimamia ili saa za kifuani zitimie, usiku, mama mwenyewe akiwa na mshono wa upasuaji? Ni nyinyi. Maarifa yale yalitoka kwenye mikono ya aina yenu, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kwa watoto hakuna mbele.

Tazameni pia takwimu za nchi. Kati ya tafiti za kitaifa za 2015/16 na 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya watoto wachanga, wale wa mwezi wa kwanza, vilitoka 25 vikafika 24 tu. Maana yake zaidi ya nusu ya msiba umejikusanya kwenye siku 28 za mwanzo. Muuguzi anayemjua mtoto mchanga vizuri atatafutwa kwa miaka mingi ijayo.

Na kuna aibu yetu wenyewe ya Nyanda za Juu. Tunalima mahindi, viazi, maharage, parachichi, tunalisha nchi. Utafiti ule ule wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa wote wapo kwenye 50, wakati wastani wa taifa ni 30. Mnaokaa kliniki ya mama na mtoto mnauona udumavu kabla haujawa asilimia: mstari wa uzito kwenye kadi ya mtoto unapanda vizuri mpaka miezi sita, halafu unalala. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane, chakula ni uji mtupu. Profesa wa mbali haoni hayo mpaka aje awaulize.

Ushauri wangu hapa ni huu: msianze na swali kubwa. Mtu akiniletea andiko la "sababu za udumavu Nyanda za Juu Kusini" namrudishia. Anza na linalohesabika na watu wawili. Watoto ambao mstari wao ulilala miezi mitatu iliyopita hapa kituoni kwetu, wangapi walirudi tarehe waliyopangiwa? Ambao hawakurudi, mama zao wanasemaje? Hilo linafanyika, linajibika, na jibu lake linaweza kubadilisha siku ya kliniki mwezi ujao.

Lakini hamtaandika utafiti juu ya namba za uongo. Nitasema kwa uchungu. Nimefungua mafaili ya wodi na kukuta watoto kumi, wote joto 36.8, wote wanapumua mara 40. Hakuna wodi ya namna hiyo duniani. Mpandishe mtoto nguo, tazama kifua, shika saa, hesabu dakika nzima. Wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka, ikifika 50 anapumua haraka. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Muuguzi aliyehesabu nusu dakika akazidisha kwa mbili anaweza kumrudisha nyumbani mtoto mwenye nimonia.

Kwa masomo, nitapita haraka kwa kuwa mengi mnayajua. Wa cheti aende stashahada, wa stashahada aende shahada, na mwenye shahada asiishie hapo. Mlioajiriwa serikalini, ombeni mapema kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Wengi hupata nafasi chuoni kisha wakakosa ruhusa. Msihesabu mafunzo endelevu kuwa ni pointi za leseni tu. Kwa kusoma tafiti, ulizeni maktaba ya chuo au hospitali kama imejiunga na Hinari, huduma ya Shirika la Afya Duniani inayofungua majarida ya afya kwa nchi kama yetu.

Na hamko jangwani. Mbeya kuna kituo cha utafiti wa tiba cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chenye historia ndefu ya tafiti za VVU na kifua kikuu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya hapa hapa mjini. Tafiti kama hizo huajiri wauguzi. Nendeni, mjifunze kuomba ridhaa na kutunza kumbukumbu. Ila mkiwa mle ulizeni swali linatafuta nini, na kabla ya kazi kuanza ulizeni jina lenu litakaa wapi. Andiko lenu likiwa tayari, lipite kwenye kamati ya maadili kabla ya kumgusa mtoto yeyote. Mzazi ndiye anayeridhia kwa niaba ya mtoto, na mtoto mwenye akili ya kuelewa naye aulizwe. Msimpe mama karatasi ya kusaini mtoto akiwa anadegedeka. Subirini.

Nanyi wakuu wa wauguzi, dada zangu na kaka zangu: muuguzi aliyetumia miaka mitatu kujifunza kumlisha njiti kwa mrija na kusimamia oksijeni yake, mkimhamishia mapokezi kwa sababu zamu imepungua, ujuzi ule unapotea na watoto ndio wanaolipa. Nawaomba mwacheni.

Binti wa jirani nimemwambia arudi Jumamosi na swali moja, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na daftari ambalo hatampa mtu bila kubaki na nakala. Wengine mnaokaa karibu, njooni naye. Chai ipo.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Mbeya