Bomba lenu la "dharura" linamwaga kinyesi mtoni na mvua haijanyesha wiki tano

Kwa Meneja,
Idara ya Majitaka.

YAH: MALALAMIKO YA MARA YA NNE KUHUSU MAJITAKA GHAFI KUINGIA MTONI

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, bili ya majitaka nalipa kila mwezi na sidaiwi, na ni mvuvi wa ndoana kwenye huu mto tangu nina miaka saba naenda na marehemu baba. Nimeshapiga simu mara mbili na kutuma meseji mara moja na mara zote nimejibiwa neno moja, kwamba lile bomba la chini ya daraja ni la dharura, linatoa maji tu pale mvua kubwa inaponyesha na mtandao wa mabomba ukazidiwa. Yule dada anayepokea simu aliongea na mimi kwa adabu sana, sina ugomvi nae, ila hilo jibu alilopewa anisomee ndo limenifanya nikae chini niandike barua ndefu hivi.

Kwa sababu mvua ya mwisho kunyesha huku ni zaidi ya wiki tano zilizopita. Mto umepungua mpaka mawe ya katikati yanaonekana. Sasa Jumamosi iliyopita nimefika saa 11 alfajiri, hata ukingoni sijafika harufu imeshanipokea, harufu ya choo kabisa, ile harufu ya tope la mto tuliyoizoea imefunikwa yote, nikamulika tochi kwenye bomba lenu nikakuta linatoka maji ya kijivu, mazito, yanatoka kwa nguvu kama mtu kafungulia koki akaondoka. Ndani yake zinapita tishu, pedi, waipsi, na kinyesi chenyewe ambacho hata hakijayeyuka. Nikasimama pale nusu saa nzima na halikupungua. Dharura gani hiyo isiyo na mvua?

Nikazima tochi nikasubiri kupambazuke. Kulipoanza kuwa na mwanga nikaona maji yanachezacheza juu kama yanapigwa na matone, nikadhani ni wadudu, kumbe ni midomo. Perege wadogo kwa wakubwa wamejipanga juu ya maji midomo wazi wanavuta hewa. Mwenye kuvua anajua hiyo maana yake nini. Mmoja alikuja mpaka ukingoni kabisa, nikamuokota kwa mkono, samaki mzima wa kiganja changu na zaidi, hakuruka, hakupigana, mashavu yamefunguka yote hayajifungi, akachezesha mkia mara mbili akatulia mkononi mwangu. Miaka yote niliyovua sijawahi kuumia kwa samaki kufa mkononi, ndo kazi yenyewe ya uvuvi, lakini huyu aliniuma kwa sababu hakuna mtu aliyemvua, amekufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yake mwenyewe.

Kufika saa 2 asubuhi walikuwa wameshaanza kuelea tumbo juu. Waliobaki hai ni kambale tu, na kambale anajulikana, ana uwezo wa kupanda juu akavuta hewa ya kawaida, hivyo mkiona kambale anaishi msije mkasema mto ni mzima.

Nieleze kinachotokea kwa namna ninavyokielewa, na wahandisi wenu wanisahihishe kama nakosea. Kinyesi kikiingia mtoni bakteria wanaanza kukila, na wanapokula wanatumia oksijeni iliyomo kwenye maji, ileile ambayo samaki anaitegemea. Majitaka ghafi ya majumbani kwa kawaida lita moja inahitaji kama miligramu 200 hadi 300 za oksijeni ili uchafu wake uliwe na bakteria ndani ya siku tano. Maji masafi ya mto yenye joto la nyuzi 20 yanabeba miligramu 9 hivi kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu. Pigeni hesabu wenyewe, lita moja inayotoka kwenye bomba lenu inaweza kumaliza oksijeni ya lita 30 za mto. Na oksijeni ikishakuwa chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanaanza kutaabika, chini ya 2 wengi wao hawaponi. Hapo sijagusa amonia, ambayo nayo ni sumu kwa samaki na makali yake yanazidi kadri maji yanavyokuwa ya moto.

Kwa hiyo lile jibu lingine nililoongezewa kwenye simu ya pili, kwamba "yanachanganyika na maji ya mto yanaisha makali", halisimami. Labda wakati wa masika mto umejaa yanachanganyika. Sasa hivi ni kiangazi, maji machache, ya moto, yanatembea polepole, yaani mmechagua wakati mbaya kuliko wote wa kuyamwaga.

Halafu kuna ishu ya vipimo. Mliniambia mtaalamu wenu amekuja kuchukua sampo na oksijeni ilikuwa inaridhisha. Nakubali amekuja, nilimuona mwenyewe, kijana mstaarabu na boksi lake la baridi, alifika kama saa 7 mchana jua la utosi. Lakini mchana wa jua ndo oksijeni inakuwa juu! Mbolea iliyomo kwenye majitaka imeotesha mwani wa kijani mto mzima, na mwani mchana kwenye jua unatoa oksijeni, ukiingia usiku unageuka unaitumia, usiku kucha, wao na bakteria na samaki wote wanagombea ileile, ndo maana alfajiri kabla ya jua inakuwa imefika chini kabisa na ndo saa samaki wanakufa. Mkija mchana mtapata namba nzuri na samaki wataendelea kufa. Sisemi mmefanya makusudi, huenda ni saa za kazi tu, ila namba ya saa 7 mchana msiitumie kunijibu mimi niliyekuwa pale saa 11 alfajiri.

Baba alikuwa na kipimo chake. Kabla hajatoa ndoana alikuwa anaingia kwenye maji ya magotini anageuza jiwe, chini yake anatafuta vidudu vidogo bapa vyenye mikia mitatu, akiviona anasema maji yana uhai, tuvue. Nami nimekuwa nikifanya hivyo hivyo mpaka leo. Jumamosi niligeuza mawe sita upande wa chini ya bomba. Yote yamevaa utando wa kijivu kama pamba iliyolowa, ukiugusa unateleza, na chini yake kwenye tope kuna minyoo myekundu membamba kama uzi, imesimama inatikisika kwa mamia, na kidudu cha mikia mitatu hata kimoja sikukipata. Nikapanda juu, hatua kama 200 juu ya bomba, nikageuza jiwe la kwanza tu, vipo vinne vinakimbia. Mto uleule, siku ileile, tofauti ni bomba lenu.

Na si samaki peke yake jamani. Chini kidogo watoto wanaogelea kila siku shule zikifungwa, watu wanafua, wengine wanachota maji ya kumwagilia mboga ambazo zinaliwa mbichi. Kinyesi cha binadamu ndo njia ya kipindupindu, ya taifodi, ya homa ya ini aina A, ya minyoo, hilo halihitaji mtaalamu. Hakuna kibao, hakuna tangazo, hakuna meseji. Mnatutumia meseji bili ikichelewa siku mbili tu, namba zetu mnazo, mnashindwaje kututumia meseji moja kwamba leo tumefungulia, msiingie mtoni?

Mwanangu ana miaka tisa. Mwaka huu ndo nilikuwa nimpeleke, nimeshamchongea fimbo yake. Nimemwambia asubiri, ananiuliza mpaka lini baba, sina jibu la kumpa. Mimi mwenyewe mshipi ukipita vidoleni unaacha ute, nikinusa vidole nasikia choo, na mkono huohuo ndo nashika chambo na ndo nafuta jasho usoni.

Nadhani chanzo nakijua. Mtu anayekaa ukingoni kila wiki anaijua sauti ya kile kituo chenu cha pampu ng'ambo ya pili, kilikuwa kinanguruma mchana na usiku. Karibu miezi miwili sasa kimya. Pampu ikisimama majitaka hayasimami, watu wanaendelea kuvuta vyoo, chemba inajaa, ikijaa inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni lile bomba. Kama pampu imekufa semeni imekufa. Kama inaziba kwa sababu ya waipsi na pedi ambazo sisi wateja tunatupa chooni, tuambieni pia, hilo kosa letu, nitapita nyumba kwa nyumba mtaani kwangu kuwaambia watu wasitupe. Ila nyie kwanza semeni ukweli, maana "dharura" ya miezi miwili imeshakuwa utaratibu wenu wa kila siku.

Ninachoomba ni pampu itengenezwe na iwekwe ya akiba pamoja na jenereta, ili moja ikifa isiwe mto ndo unalipa. Wakati mnatengeneza leteni magari ya kunyonya yaisaidie ile chemba, magari mnayo, tunayaona barabarani kila siku. Bomba lifungiwe kipimo kinachoandika saa linapoanza kumwaga na saa linapoacha, na hizo rekodi tuzione sisi wateja. Wekeni kibao pale daraja leo, si wiki ijayo, mbao mbili na rangi zinatosha. Sampo zichukuliwe juu ya bomba na chini ya bomba, kabla ya jua kuchomoza, na matokeo yabandikwe ofisini kwenu mtu yeyote asome.

Na tafadhali asitokee mtu akaniambia mto ukishaharibika ndo basi tena. Mto Thames pale London mwaka 1858 ulinuka kinyesi mpaka wabunge wakafikiria kulihama bunge lao, ndo wakajenga mabomba makubwa, wakaja wakazembea tena na mwaka 1957 wataalamu wakatangaza kwamba sehemu kubwa ya ule mto imekufa, haina samaki. Walipoboresha mitambo ya kusafisha majitaka samaki walirudi, zaidi ya aina 100. Na njia ya kusafisha majitaka kwa kuyapuliza hewa ili bakteria wafanye kazi ndani ya tangi badala ya mtoni, imejulikana tangu 1914. Hakuna ninachowaomba ambacho hakijawahi kufanyika, na mto wetu ni mdogo, juu ya bomba bado una vidudu vyake na samaki wake wa kuja kujaza huku chini maji yakitakata.

Nimeambatanisha picha 14 na video 3, kila moja ina tarehe na saa, ikiwemo ya bomba linamwaga na ya kile kituo cha pampu kikiwa kimya. Nakala ya barua hii napeleka kwa mamlaka ya mazingira. Naomba jibu la maandishi lenye jina la mtu na tarehe ya kazi kuanza, ndani ya siku 14, na naomba lisiwe na lile neno dharura.

Jumamosi hii nitakuwa pale chini ya daraja saa 11 alfajiri kama kawaida. Mleteni yule kijana na kipimo chake cha oksijeni, nitakuwa na tochi mbili na buti za ziada, nitamuonyesha pa kukanyaga.

Wenu,
Mteja na mvuvi wa mto huu