Aikoni zikipotea, usikubali kompyuta ipigwe windo

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye steshenari, walimu na makarani wa hapa Tanga. Umeme ukikatika ghafla na kurudi, kompyuta huweza kuwaka na skrini tupu: Word haionekani, Excel haionekani, programu ya risiti nayo haipo. Mwenyewe anaibeba hadi kwa fundi, fundi anaipiga windo upya, yaani anaifuta Windows na kuiweka tena, na mitihani, picha na hesabu zote zilizokaa diski C zinapotea. Inatuuma, kwa sababu mara nyingi hapakuwa na haja.

Aikoni si programu. Ni faili dogo lenye mwisho wa .lnk, linaloelekeza programu ilipo. Programu yenyewe mara nyingi imekaa kwenye folda ya Program Files. Tarehe 13 Januari 2023 sasisho la Defender, kinga ya Microsoft wenyewe, lilifuta aikoni kwenye kompyuta za ofisi nyingi duniani, lakini programu zenyewe zilibaki mahali pake.

Aikoni zikitoweka zote pamoja na pipa la taka, bofya kitufe cha kulia cha mausi mahali patupu, ingia View, weka tiki kwenye Show desktop icons. Kama hata mstari wa chini (taskbar) haupo, Explorer, programu inayoonyesha aikoni na mstari huo, imeanguka. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta Run new task (kwenye matoleo ya zamani imo ndani ya File), andika explorer.exe.

Aikoni zikiwepo ila zimekuwa karatasi nyeupe, bofya moja. Ikifunguka, programu ni nzima. Kilichoharibika ni akiba ya picha za aikoni (si picha zako), ambayo huharibika kompyuta ikizimika ghafla wakati inaandikwa. Fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika mstari mmoja mmoja:

taskkill /f /im explorer.exe
del /a "%localappdata%\IconCache.db"
del /a /q "%localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer\iconcache*"
start explorer.exe

Baada ya mstari wa kwanza skrini itabaki tupu. Usiogope, na usifunge dirisha la cmd. Mstari ukijibu kwamba faili halikupatikana, endelea na unaofuata.

Ukibofya ukaambiwa kinachoelekezwa hakipo, hapo programu imeondoka kweli. Tazama Protection history, orodha ya vilivyozuiwa, ndani ya Windows Security. Programu zilizokrakiwa hukamatwa sana na antivirasi, na tunashauri usizirudishe, kwani nyingi huja na virusi.

Hali tunayoiogopa zaidi ni ile ya kompyuta kuwaka kama mpya, mandhari imebadilika, na ujumbe kwamba imeshindwa kuingia kwenye akaunti yako. Umeingizwa kwenye akaunti ya muda. Usihifadhi chochote humo, kwa maana ukitoka kinafutwa. Zima na uwashe mara mbili au tatu; isiporudi, mafaili yako bado yamo C:\Users, ndani ya folda yenye jina lako.

Wanaotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows watazame folda za /usr/share/applications na ~/.local/share/applications. Kila programu ina faili la .desktop. Mstari wa Exec, unaosema programu ilipo, ukitaja njia isiyokuwepo, programu haitafunguka; NoDisplay=true huificha kwenye menyu. Programu ya snap (aina ya kifurushi cha programu cha Ubuntu) iliyowekwa sasa hivi isipoonekana, toka kwenye akaunti uingie tena kabla ya kuhangaika.

Kwenye Windows, kurudisha aikoni moja iliyofutwa ni kazi ya dakika moja: fungua C:\ProgramData\Microsoft\Windows\Start Menu\Programs, bofya kulia juu ya programu, Send to, kisha Desktop.

Na fundi akishikilia kwamba lazima apige windo, mwambie kwanza anakili C:\Users yote kwenye diski ya nje, na ufungue mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine mbele yake, kabla hajagusa kitu.

Mafundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga